Mwanamke wa Kompyuta ya Nne

Hinaguyan, 8 Aprili 2011

Bi Jovelyn Tabanao, Katibu wa Suwat, chama cha wanablogu,

Hunijui. Mimi ni Nenita Abellanosa, mshona sare za shule hapa sokoni Hinaguyan, mke wa Crisanto mwenye duka la intaneti. Mjane wake, niseme, ingawa neno hilo bado linanikwama. Kadi yenye jina lako niliikuta kwenye pochi yake polisi waliponirudishia.

Bila shaka habari zilikufikia huko Cagayan de Oro. Tarehe 24 Machi, saa sita mchana, walikuja watu wawili na pikipiki. Mmoja alibaki nje, injini inanguruma. Wa pili akaingia, akauliza, "Crisanto ni nani hapa?" Mume wangu akainua mkono kama mwanafunzi. Nang Tasing, anayeuza vitumbua vya mchele ng'ambo ya barabara, anasema Santo hakuwahi hata kuinuka kitini.

Sasa mji mzima unaniambia jambo nisilolijua. Wanasema Santo ndiye aliyekuwa Jicho la Mto, yule anayeandika kwenye blogu kuhusu malori ya mdogo wake meya, yanayokomba mchanga na kokoto mpaka nguzo za daraja zimebaki wazi kama meno ya mzee. Kanisani watu wananishika mikono yote miwili. Mwalimu mkuu amenipigia saluti.

Mimi sikuambiwa kitu. Miaka kumi na saba, Bi Jovelyn, na sikuambiwa kitu. Alikuja kwenye mikutano yenu ya wanablogu mara mbili, hilo nalijua kwa sababu nilimpigia pasi shati. Basi niambie: ni kweli? Na kama ni kweli, naomba unichapie yote aliyoandika. Mimi kompyuta siijui, na duka nimelifunga. Siku yake ya arobaini ni tarehe pili Mei. Nataka asikie maneno yake mwenyewe kabla roho yake haijaondoka.

Nenita Abellanosa


Cagayan de Oro, 18 Aprili 2011

Manang Nenita,

Naomba nikuite hivyo, kwa kuwa umenizidi umri na kwa kuwa hata mimi mama yangu anaishi Hinaguyan, mtaa wa juu karibu na kisima. Pole sana. Nimeandika neno hilo mara sita na kulifuta, halina uzito wowote.

Kuhusu ulichouliza. Chama chetu kina watu wa kila namna: wa mapishi, wa mashairi, wa mpira wa kikapu, na wachache wanaoandika yanayowaudhi wakubwa. Kanuni ya kwanza tuliyoiweka ni kwamba hatuulizi nani yuko nyuma ya jina. Kwa hiyo siwezi kukuambia ndiyo, wala siwezi kukuambia hapana.

Jumamosi tulikutana kwa ajili ya kaka yetu, Nong Santo. Kulikuwa na ubishi. Wilmar, anayeandika habari za vyakula, alisimama akasema, "Mtu akificha jina lake, risasi inamtafuta jirani. Mwenye maneno asimame nayo!" Dada mmoja akamjibu, "Wewe unaandika kuhusu supu, Wilmar. Nani akuue kwa supu?" Watu wakacheka, kisha wakakumbuka wamekuja kwa ajili ya nani.

Nimekuchapia kurasa zote, sitini na tatu. Nimeziweka kwenye bahasha ya kaki. Nimechapa pia maoni ya wasomaji baada ya msiba, mia mbili na kumi na manne. Karibu yote yanasema, "Pumzika kwa amani, Jicho la Mto."

Nimeyasoma yote.

Jovelyn Tabanao


Hinaguyan, 5 Mei 2011

Mdogo wangu Jovelyn,

Asante. Mungu akuzidishie.

Siku ya arobaini nilipika biko, wali mtamu wa nazi, sufuria mbili, nikidhani watakuja majirani tu. Walijaa hadi barabarani. Binti yangu Rhodora, ana miaka kumi na minne, ndiye aliyesoma. Alianza na ule ukurasa wa jiwe, mwenyewe umeuona: "Bibi yangu alifua nguo za watu kwenye jiwe moja chini ya daraja, mpaka jiwe likashika umbo la magoti yake. Wiki hii jiwe hilo limepakiwa kwenye lori." Nang Tasing alilia kwa sauti. Wanaume walivua kofia.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na sinia la wali mapajani, nikajiuliza, huyu ni nani? Santo wangu aliniambia "Chumvi." Aliniambia "Umeme umekatika." Siku aliyoniposa alisema, "Nenita, unaonaje?" akanyamaza, ikabidi nimalizie mwenyewe. Na kumbe ndani yake kulikuwa na mtu huyu! Nimempenda upya, Inday, mdogo wangu, nikiwa mjane. Nina hasira naye kwamba alikuwa na maneno yote haya na akampa kila mtu ila mimi.

Kitu kimoja kimenisumbua. Bibi yake Santo alikuwa muuza samaki. Maji ya mto hakuyagusa hata kwa fimbo, aliogopa mamba ambao hawapo. Nilimwambia Rhodora. Akasema, "Mama, waandishi hubuni." Je, ni kweli hubuni?

Walisema baada ya arobaini nyumba itakuwa tupu. Haijawa tupu. Nashona mchana hapa nyumbani, mlango wa kuingilia dukani umefungwa kwa kufuli, na nasikia kiti cha ile kompyuta ya nne, ya pembeni ukutani, kinalia kama mtu anajisogeza. Nikifungua hakuna mtu. Rhodora amehifadhi kurasa nzima kichwani. Juzi nilimgombeza kuhusu vyombo, akanijibu kwa sentensi ya baba yake, kwa sauti ya baba yake.

Manang wako,
Nenita


Cagayan de Oro, 11 Mei 2011
(Haikutumwa)

Manang Nenita,

Bibi mfua nguo ni bibi yangu mimi. Jiwe ni la bibi yangu. Kurasa zote sitini na tatu nimeziandika mimi, na Nong Santo hakuandika hata nukta. Nafanya kazi kwenye ofisi inayopitisha vibali vya machimbo, na


Cagayan de Oro, 14 Mei 2011

Manang Nenita,

Nimefurahi kwamba watu walimheshimu. Ndiyo, waandishi hubuni. Rhodora amesema kweli.

Kiti kitie mafuta kwenye maungio. Huenda ni joto tu.

Jovelyn


Hinaguyan, 30 Juni 2011

Jovelyn,

Wamekamatwa. Yule wa pikipiki na yule aliyeingia. Aliyeingia ni dereva wa lori la mdogo wake meya, na Nang Tasing amemtambua kwa kovu la sikio. Nilidhani nitashangilia. Ngoja usikie.

Wakili wao amesema mahakamani kwamba madai ya blogu ni hadithi ya mitaani. Akauliza, nani alimwona Crisanto akiandika? Hakuna. Nani anazo hizo nyaraka za vibali alizonukuu? Hakuna, polisi walipekua nyumba nzima hawakupata hata karatasi. Kisha akamsimamisha fundi redio wa jirani, naye akasema mbele ya watu wote, mbele ya mwanangu, kwamba kuna mwanamke.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, alikuja mwanamke mwenye kofia ya jua, akakaa kompyuta ya nne. Santo alimvutia pazia. Alimwekea feni yake mwenyewe. Hakumtoza hata peso moja. Fundi anasema waliongea kwa kunong'ona, na akiondoka Santo anasimama mlangoni anamtazama hadi anapotea kwenye kona. "Basi," akasema wakili, "tutafute mume wa huyo mwanamke, si malori."

Watu wale wale walionishika mikono sasa wananiangalia kwa huruma ya namna nyingine. Mwalimu mkuu ananipita. Mwendesha mashtaka ameniambia waziwazi: asipopatikana mtu wa kuthibitisha ile blogu iliandikwa dukani kwetu, kesi imekufa.

Jumamosi ni siku yangu ya kupeleka sare mji wa pili. Siku hiyo hiyo. Nilikuwa namfungia chakula kabla sijaondoka.

Sasa kiti kikilia najua ni nani. Si yeye. Ni huyo mwanamke. Namwona sokoni, namwona kanisani safu ya mbele, kila kofia ya jua ni yake. Usiniambie nitie mafuta, nilitia. Wewe ulimjua Santo kwenye mikutano yenu. Alikuja na mwanamke? Niambie tu. Nimechoka kuwa wa mwisho kujua mambo ya nyumba yangu.

Nenita


Cagayan de Oro, 6 Julai 2011

Manang Nenita,

Mwanamke huyo ni mimi.

Usiitupe barua hii kabla hujafika mwisho, halafu ifanye utakavyo.

Hapakuwa na mapenzi. Naapa kwa kaburi la bibi yangu, yule mfua nguo, ambaye ni wangu wala si wa Santo. Mimi ndiye Jicho la Mto. Kazini vibali vya machimbo vilipita mezani pangu, na niliona vibali vya malori mawili vikitumiwa na malori kumi na moja. Nilimwambia mkuu wangu. Akasema, "Inday, una mama kule Hinaguyan, sivyo?" Ndipo nikaanza kuandika bila jina. Niliogopa kuandikia kazini au nyumbani kwangu. Kila nilipokuja kumwona mama nilipita dukani kwenu, nikijiona mjanja: kompyuta ya watu wote haina mwenyewe. Sikufikiri kwamba duka lina mwenyewe.

Mwezi wa kwanza hakusema kitu. Mwezi wa pili akavuta pazia. Nilipotaka kulipa akasema, "Weka hela yako. Mimi sijui unaandika nini, na ukiniambia nitaziba masikio. Ila ukimaliza futa nyayo zako, na usije na kofia nyekundu, inaonekana mpaka Surigao." Alikuja kwenye mikutano yetu kwa sababu nilimkaribisha. Alikaa nyuma na soda, akasikiliza watu wakibishana, na akaniuliza tukitoka, "Huyo wa supu analipwa?" Hayo ndiyo yote yaliyokuwa kati yetu, Manang. Aliposimama mlangoni hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kama kuna mtu ananifuata.

Sasa sehemu ambayo nimekuwa naikimbia.

Jumamosi tarehe 19 Machi aliniambia, "Juzi walikuja vijana wawili, wanauliza nani anaandika mambo ya mto humu ndani." Nikamuuliza, "Ukasemaje, Nong?" Akacheka. "Nikasema ni mimi. Mbona walinitazama kwa heshima! Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo tangu nizaliwe."

Nikamwambia, "Usifanye utani huo."

"Ah, wataniacha. Baba yangu na baba yake meya walifuga majogoo pamoja. Wewe andika, kisha uende, basi la saa tisa halikungoji."

Nami nikakaa, nikaandika. Nilikuwa na orodha ya malori yote na saa zake za kutoka, nimeikusanya wiki nne, na nilitaka ionekane siku ile. Ningeweza kuondoka bila kuandika. Ningeweza kuandika siku hiyo kwamba mwandishi hayuko Hinaguyan. Niliituma orodha saa nane na dakika arobaini, nikawahi basi. Siku tano baadaye walikuja.

Hata kabla hawajamzika, watu walianza kumpa jina langu, na mimi nilinyamaza. Kwanza kwa hofu. Kisha barua yako ikaja, ukamwita mwandishi, nikajiambia ninamwachia kitu kizuri. Ule ulikuwa uongo wa mwoga. Ninafungua ile blogu kazini wakati wa chakula na kusoma watu mia tatu wakiniambia nipumzike kwa amani. Nikijaribu kuandika sentensi, hata ya kuomba likizo, naisikia kwa sauti yake, na siwezi kuimaliza.

Nyaraka ninazo. Nitasimama mahakamani kwa jina langu. Nimeshazungumza na mwendesha mashtaka kabla ya kukuandikia, ili nisipate nafasi ya kubadili nia.

Jovelyn


Hinaguyan, 15 Julai 2011

Jovelyn Tabanao,

Nimeisoma mara moja. Rhodora ameisoma mara nyingi, sijui ngapi, amejifungia.

Nilizika mume asiyesema. Ukaniletea kwa bahasha mume mwingine, mwenye maneno, nikakaa naye, nikampenda, nikamwonea wivu. Sasa unaniambia huyo hakuwepo. Nimefiwa mara ya pili na safari hii hakuna hata maiti ya kuosha. Ulijua kuhusu bibi. Nilikuuliza waziwazi, ukaniambia waandishi hubuni. Ukaniambia nitie mafuta.

Njoo mahakamani useme kila kitu, na useme kwa sauti. Usije nyumbani kwangu. Mama yako nitaendelea kumsalimia, hana kosa. Na usiniite Manang.

Nenita Abellanosa


Cagayan de Oro, 20 Februari 2012

Bi Nenita,

Sikutarajia ungejibu nilipokusalimia mlangoni mwa mahakama, nawe hukujibu, na ni sawa.

Nakuandikia ili ujue yaliyofuata, kwa kuwa una haki ya kujua. Kazini nimefukuzwa siku ya tatu baada ya ushahidi. Mama nimemhamishia huku kwangu, baada ya mtu kumwachia kuku aliyekatwa kichwa mlangoni. Kwenye chama watu wameondoa blogu zao, kumi na mmoja kwa wiki moja. Wilmar aliyesema mwenye maneno asimame nayo ndiye wa kwanza kuacha kunipokelea simu. Simlaumu, ana watoto.

Wakili aliponiuliza, "Kwa hiyo Crisanto Abellanosa alikuwa mtu asiye na habari, aliyekufa bure?" ulinisikia nikisema hapana. Nilitaka kusema zaidi, hakimu akanikatiza. Nilitaka kusema kwamba alijua. Hakujua kilichoandikwa, lakini alijua pazia linaficha kitu cha kumfanya mtu auawe, na alilivuta kila baada ya wiki mbili kwa miezi kumi na mitano.

Rhodora alinisubiri nje. Alinitazama mikono.

Jovelyn


Hinaguyan, 4 Novemba 2014

Jovelyn,

Imepita miaka, na sikufikiri ningeandika jina hili tena juu ya barua.

Hukumu umeisikia. Wawili wamefungwa maisha. Mdogo wake meya hakuguswa, alituma shada la maua siku ya Watakatifu, nikalilisha mbuzi. Tulikuwa makaburini juzi, mimi na Rhodora, tunapaka chokaa. Mtu aliwahi kuchora "Jicho la Mto" kwa rangi ya buluu chini ya jina la Santo. Nilishika brashi nikitaka kuifuta. Rhodora akasema, "Iache, Mama. Alilifia." Nimeiacha, lakini sijui kama nimefanya vizuri. Santo angecheka. Angesema, "Mbona wananitazama kwa heshima!"

Nikikuambia nimekusamehe nitakuwa nimebuni, kama mnavyofanya waandishi. Lakini zile kurasa sikuzichoma. Nazisoma. Zamani nilimsikia yeye. Sasa nakusikia wewe, nakuchukia kwa hilo, na bado nasoma. Kiti cha kompyuta ya nne nimekihamishia jikoni, nakikalia mwenyewe nikimenya vitunguu. Kinalia vilevile. Nimezoea.

Sikuandiki kwa ajili hiyo.

Malori yamerudi. Yanaingia kwa upande wa shamba la nazi, mchana kweupe. Rhodora ana miaka kumi na saba, anasoma chuo cha wilaya, na amefungua ukurasa wake. Bado hajaweka neno hata moja. Jana mezani aliniuliza, "Mama, niweke jina gani? Langu, la Baba, au nisiweke?" Nilimwambia asiandike kabisa. Akasema, "Sikukuuliza hilo." Ana kichwa cha baba yake: anakubali, anakula, kisha anafanya lake.

Jina la wazi ni risasi kwake. Kujificha ni risasi kwa mwingine, na mwingine huyo nilimzika mimi. Wewe umejificha na umejitokeza, na njia zote mbili umezilipia. Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Nimwambie nini?

Jibu upesi. Kamera ya baba yake haipo ukutani leo, naye ametoka tangu asubuhi.

Nenita


Stendi ya Hinaguyan, 8 Novemba 2014, saa nne asubuhi

Nenita,

Barua yako nimeipata jana jioni. Sina jibu la kuandika, nimepanda basi la kwanza.

Ulinikataza kuja nyumbani kwako, kwa hiyo sijaja. Karatasi hii nampa Nang Tasing, niliyemkuta hapa stendi na vitumbua vyake, akuletee. Ananiambia Rhodora alipita hapa alfajiri, amebeba kamera, peke yake, akielekea shamba la nazi, na kwamba ni siku ya tano mfululizo.

Nakwenda huko. Nimevaa kofia nyekundu, ili watu wa malori waanze kuniona mimi kabla yake. Nikimkuta nitakaa naye mpaka atakapotaka kurudi, na jina tutalijadili watatu, mezani kwako kama utaruhusu. Nisipomkuta nitabisha hodi kwako kabla ya saa saba, na safari hii, Manang, itabidi unifungulie.

Jovelyn